Mstari wa Nne

Mkwe wangu hakuwahi kunikatalia jambo hata moja, na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu naye.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Ni mpole, msafi, hana makuu, anatengeneza programu za kompyuta, kazi ambayo mpaka siku ninayoisimulia hapa sikujua ni kazi gani. Lakini tangu alipokuja kumposa binti yangu, jibu lake kwangu lilikuwa moja tu: "Ndiyo, mama." Nikimwongezea chakula mara ya nne, ndiyo mama, huku jasho linamtiririka. Siku moja nilikuwa kwenye gari lake nikamwambia apinde kushoto. Akapinda kushoto. Tukajikuta katikati ya uwanja wa shule, wanafunzi wamejipanga mistari, mwalimu mkuu kashika kipaza sauti anatukodolea macho. Nikamuuliza, "Baba, ulijua huku si njia?" Akasema, "Nilijua, mama."

Basi nikampa jina la Ndiyo-Mama, na binti yangu alikuwa akininunia kila nilipolitaja. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Mtu asiyeweza kusema hapana kwa mama mkwe, atasema hapana kwa nani? Binti yangu ndiye mtoto wangu pekee. Siku akionewa, nani atamsimamia?

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi ya chama cha wakunga. Nina miaka hamsini na sita, nilianza na taipureta, na mpaka leo hakuna kijana katika jengo lile anayenishinda kwa kuchapa. Mkuu wangu tunamwita Bwana Viwango. Mwite bahili wa nafasi, mwite mshika rula, yote ni sawa. Barua ikipita mezani kwake anapima pambizo kwa rula ya plastiki, na ikizidi milimita mbili inarudi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka kumi na minne rula ile nimetamani kuivunjia gotini.

Mwezi ule wakunga wote walikuwa wanatengenezewa vitambulisho vipya. Wakunga elfu moja mia tatu na sita. Wenye mashine ya kadi walitaka picha ya kila mmoja iwe mraba, pikseli mia nne kwa mia nne, faili la aina ya jpg, lisizidi kilobaiti arobaini. Wakunga nao wakatuma walichonacho. Wengine picha kubwa kama bango, wengine faili za aina ambayo kompyuta yangu haikuwahi hata kuisikia, mmoja alijipiga mbele ya friji iliyo wazi, nikaweza kuhesabu mayai. Nilikuwa nafungua moja, naikata, naipunguza, naibadilisha, naihifadhi, nafungua nyingine. Kwa siku tatu, katikati ya simu na wageni na barua za Bwana Viwango, nilikuwa nimemaliza mia mbili na kumi na mbili. Shingo ilikuwa imekakamaa hata kugeuka nageuka na kiti.

Haikunitisha, kwa sababu nilikuwa na siku nyingi. Mwisho wa kupokea picha ulikuwa wiki ya pili yake, na binti yangu alitarajiwa kujifungua wiki ya tatu. Bwana Viwango alikuwa ameniahidi kwa maandishi: picha zikiisha, likizo yako ianze. Na mimi nilikuwa nimemwahidi binti yangu kwa mdomo, jambo zito kuliko karatasi yoyote, kwamba mtoto wake wa kwanza atazaliwa mimi nikiwa pale. Mimi nilimzaa yeye peke yangu, mama yangu yuko mbali, na sikuwa nimesahau.

Ijumaa hiyo kila kitu kiliamua kuwahi.

Saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. "Mama," binti yangu akasema, "yameanza. Tuko hospitali. Njoo."

Kabla sijapata kiatu changu chini ya meza, Bwana Viwango akaingia ameshika karatasi. Wenye mashine walikuwa wameandika: mfumo wao unafungwa leo saa sita mchana, si wiki ijayo. Mkunga ambaye picha yake haimo hapati kadi, na bila kadi, kuanzia tarehe moja haruhusiwi kuingia wodini.

"Bwana Viwango," nikamwambia, "binti yangu ameshikwa na uchungu."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Zimebaki ngapi?"

"Elfu moja na tisini na nne."

"Na kila moja inachukua muda gani?"

"Dakika nne, simu isipolia."

Sikumaliza kupiga hesabu. Nilijua ingekuwa siku na siku, na sisi tulikuwa na saa tatu na nusu. Ningeweza kuchukua mkoba na kutoka, nakiri nilishauchukua. Lakini nilifikiria wale wanawake elfu moja na kitu wakizuiwa mlangoni pa wodi, na ndani kuna binti wa mtu analia kama wangu. Nikaurudisha mkoba. Nikampigia binti yangu kumwambia nitachelewa, akapokea Ndiyo-Mama.

Binti yangu aliwahi kunitolea siri kwamba mumewe husimama wima kila ninapopiga, hata kama anakula. Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu nikajua keshasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Anaendeleaje?"

"Anatembea koridoni, mama. Mkunga anasema bado kidogo."

Nikamweleza masaibu yangu, kwa kumlalamikia tu, kama ambavyo ningemlalamikia yeyote. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi ugenini, "Mama, kama hutajali, hiyo kazi kompyuta inaweza kuifanya yenyewe. Naweza kukuandikia skripti. Ni mistari saba tu."

"Mistari saba ya nini?"

"Ya kuiamrisha, mama. Unaiambia mara moja cha kufanya kwa picha moja, halafu inarudia kwa zote."

Akanielekeza kuweka programu ndogo ya bure ya kushughulikia picha, kisha akanitumia mistari yake kwenye simu. Nikaiegemeza simu kwenye kikombe, nikapasha vidole. Kuchapa nachapa, lakini sichapi nisichokielewa, kwa hiyo nikamtaka anieleze mstari mmoja mmoja. Wa kwanza unaiita ile programu. Wa pili unasema: kwa kila picha iliyomo kwenye folda hii. Wa tatu, ifungue.

"Wa nne, mama, unakata juu kidogo na chini zaidi, au pembeni kama picha imelala, ili ibaki mraba."

Mikono yangu ikasimama hewani. "Unakata juu?"

"Ndiyo, mama."

"Juu kwenye picha ya mtu kuna nini, baba?"

"Kuna... kwa kawaida kuna kichwa, mama. Lakini haifiki..."

"Mimi sikati wakunga vichwa. Wa tano?"

"Wa tano unapunguza iwe mia nne kwa mia nne."

"Basi hiyo si ndiyo mraba? Wa nne wa nini? Nautoa."

Nikasikia pumzi yake. Nikasikia, nyuma yake, binti yangu akiguna na mtu akimwambia avute hewa. "Sawa, mama," akasema. "Ni uamuzi mzuri."

Wa sita ulihifadhi kila picha kama jpg, nyepesi, kwenye folda mpya inayoitwa "tayari", ili zile za mwanzo zisiguswe. Wa saba uliandika namba ya picha iliyokwisha. Nikachapa mistari yangu sita bila kosa hata la nukta, nikabonyeza kitufe.

Jamani.

Skrini ilianza kutiririka namba. 0001. 0002. 0003. Sikuwa nimegusa kitu! Mikono nilikuwa nimeikunja kifuani, na kazi inafanyika. 0040. 0041. Nikacheka peke yangu. 0212 ilipopita, siku zangu tatu na shingo yangu vilikuwa vimekwenda katika dakika moja, nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilitamani kumwita mtu aje aone na nilitamani pia asije mtu asije akaishtua. Nilizunguka meza. Nikajaribu kuimba, nikakosa wimbo, nikaimba namba. Mia saba themanini na moja, mia saba themanini na mbili! Mhudumu wa chai akafungua mlango, akanikuta nimenyanyua mikono juu, akaufunga taratibu. Dakika sita na sekunde kumi, 1306, kimya. Nilikuwa natokwa na machozi na sikuwa na huzuni yoyote.

Nikafungua folda ya "tayari", nikafungua picha ya kwanza.

Mwenyekiti wetu ni mwanamke mwembamba, akisimama upande unaweza kudhani ameshaondoka. Niliyemwona kwenye skrini alikuwa na mashavu ya kugawa. Nikasema moyoni, mama wa watu kanawiri. Nikafungua ya pili. Naye kanawiri. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Nikasema chama chetu kinakula vizuri siku hizi. Ya ishirini ndipo nikaona masikio, moja linaelekea dirishani na jingine linaelekea mlangoni, na macho yakanitoka pima. Wote walikuwa wamepanuka. Wakunga elfu moja mia tatu, wamebonyezwa utosini kama mikate, wananitabasamia upana wa skrini. Aliyejipiga na simu ameilaza, yeye alikuwa kinyume chao, mrefu na mwembamba, kidevu kimefika kwenye vifungo.

Nilicheka. Nisidanganye, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikiwa nimeshika meza, na katikati ya kicheko nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika ishirini. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nikaipiga picha skrini ikiwa na mwenyekiti, nikaituma, nikapiga simu. Kiti kikakwaruza.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Unaionaje?"

"Mwenyekiti amependeza, mama."

"Baba, amependeza au amebonyezwa?"

"Mama, mimi sina... yaani, wewe ndiye unayemfahamu mwenyekiti."

Hapo damu ikanipanda. Saa zinakwenda, mjukuu anakuja, wakunga wamekuwa mabeseni, na mtu mwenye dawa anaona haya kuitaja! Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa vyake pale simu iliponyakuliwa, na sauti ya binti yangu ikaja, nzito, inahema.

"Mama! Rudisha mstari wa nne!"

"Mwanangu, pumzika, wewe..."

"Anajua tangu mwanzo! Saa nzima ananung'unika hapa, 'mama ametoa mstari wa nne, mama ametoa mstari wa nne', namwambia mwambie, anasema ataanzaje! Picha ni ndefu, unailazimisha iwe mraba, itaacha kupanuka? Kata kwanza, ndipo upunguze! Kata ndipo... aaaiii!"

"Vuta hewa!" nikapiga kelele.

"Rudisha mstari!" akapiga kelele yeye.

"Mama, vuta hewa," akasema mkunga wa huko, na mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Nikaurudisha mstari wa nne. Vidole havikukosea. Nikabonyeza. Namba zikatiririka tena, na safari hii sikuzunguka meza, nilikaa nimeshika roho mkononi. Dakika sita na ushei. Nikafungua ya kwanza. Mwenyekiti, mwembamba vilevile, kichwa chote kipo, mpaka kilemba. Ya pili, sawa. Ya mia, sawa. Ya friji, mayai yamekatwa, mkunga yupo mzima na anapendeza kwelikweli.

Bwana Viwango alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Akatoa rula mfukoni, akainama, akaiweka juu ya skrini. Akapima upana. Akapima urefu. "Nyingine," akasema. Nikamfungulia nyingine. Akapima picha kumi na moja kwa rula ya plastiki, na mimi nikihesabu pumzi ili nisimng'ate.

"Mraba," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Zote mraba."

Nikazipakia kwenye mfumo wa wenye kadi. Zilipomaliza kwenda ilikuwa saa tano na robo, na ujumbe ukarudi: zimepokelewa 1,306, zilizokataliwa 0. Nikachukua mkoba. Bwana Viwango akaniwahi mlangoni na fomu ya likizo, ameshaijaza yeye mwenyewe, muhuri umepigwa katikati kabisa ya kisanduku chake. Lakini hakuiachia. Alikuwa ameishika upande wake, na mimi upande wangu.

"Kitu kile," akasema, anatazama viatu vyake. "Unabonyeza tu?"

"Nabonyeza tu."

"Naweza kubonyeza mimi?"

Nilimtazama mtu huyu wa miaka kumi na minne. Nikaweka mkoba chini. Nikatengeneza folda ya picha kumi, nikampa kiti changu. Akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayegonga mlango wa wakubwa, namba zikapita, moja, mbili, tatu mpaka kumi, na Bwana Viwango akatoa kicheko chembamba ambacho nadhani alikuwa nacho tangu utotoni hajakitumia. "Tena," akasema. Nilimwacha hapo. Nilipofika chini kwenye ngazi bado nilikuwa nasikia, "Tena!"

Teksi ilichukua dakika arobaini na nilimgombeza dereva zote arobaini. Mlangoni pa wodi akatokea mkunga amejifunga aproni, akanyoosha mkono kunizuia, na mimi nikapigwa na butwaa. Namba 0688. Wa friji.

"Tunafahamiana, mama?" akauliza, maana nilikuwa nimemkumbatia.

"Nakujua kwa urefu na kwa upana," nikamwambia. "Kadi yako inakuja. Nipishe."

Akanipisha. Nilimkuta binti yangu amelowa jasho, akanishika mkono akaubana hata pete ikaniingia nyamani, na sikuutoa. Saa saba na dakika kumi akazaliwa mtoto wa kike, mimi nikiwa pale. Alilia kwanza yeye, kisha mimi, kisha mama yake akatucheka wote wawili.

Walipomaliza kumfuta na kumfunga, wakamruhusu baba yake aingie. Wakampa mtoto mikononi, akaketi naye kwenye kiti pekee kilichokuwa mle chumbani. Nikainama kumtazama mjukuu wangu vizuri. Watoto wachanga mnawajua. Pua ilikuwa imelala, mashavu yamekwenda pembeni, kichwa kina kona. Nilikuwa na furaha ya kulewa, na mtu akiwa katika hali hiyo mdomo hauna mlinzi.

"Maskini wa Mungu," nikasema, "mtoto kabonyezwa! Huyu katolewa bila mstari wa nne. Mia nne kwa mia nne, tazama pua! Mkwe, si kweli?"

Nikangoja ile ndiyo yangu.

"Hapana, mama," akasema.

Binti yangu akainua kichwa kutoka kwenye mto. Namba 0688 akaacha kukunja shuka.

Hakusimama. Hakuinua hata macho, alikuwa anamtazama mtoto, mkono mmoja umemkinga kichwa kana kwamba mimi ningekuja na rula. Sauti yake ilikuwa ya upole uleule. "Hapana. Hajabonyezwa. Hivi ndivyo alivyo, na hakuna cha kurekebisha."

Ningekuwa mtu mwingine ningekasirika. Mimi ile hofu niliyoibeba tangu siku ya posa niliisikia ikinitoka mwilini, nyepesi hivyo, na nikajua kwamba siku yoyote, mbele ya mtu yeyote, mtoto huyu ana mtu wa kumsemea, na mama yake pia. Nikataka kumwambia hayo yote.

"Sawa, baba," nikasema. "Sasa sogea kidogo, nami nikae."